Greatest Hits ya Patsy Cline: niliinunua baada ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Kwanza nikiri. Sidii ya kwanza ya Patsy Cline, mwimbaji wa muziki wa kantri wa Marekani, kuinunua siyo hii ninayotaka kuisifu. Ile ilikuwa ya bei ya kutupa, jalada lina picha yake anacheka, jina limeandikwa kwa herufi kubwa, nyuma wamepanga nyimbo ishirini. Nikajiona nimeokota dodo chini ya mnazi. Nikaiweka, nikakaa kwenye cherehani, nikaanza kusubiri "Crazy". Nimepinda suruali ya kwanza, nimepinda ya pili, nimebadilisha uzi, "Crazy" haijaja. Haikuwemo kabisa. Katika nyimbo zote ishirini niliyokuwa nikiijua ilikuwa moja.

Walioitoa siwataji, kwani sidii za namna hiyo ziko chungu nzima. Baadaye ndipo nikaelewa zinatoka wapi. Mwaka 1954 Patsy, akiwa na miaka 22, msichana wa Winchester, Virginia, alitia saini mkataba na Four Star, kampuni ya California. Mkataba ule ulimbana: aimbe nyimbo ambazo haki zake ni za kampuni tu, nzuri ama mbaya shauri yake. Kati ya 1955 na 1960 akarekodi nyingi, na iliyovuma ikawa moja, "Walkin' After Midnight" ya 1957. Rekodi hizo zimetolewa upya na kampuni hii na ile, mwaka nenda mwaka rudi. Ukikuta sidii yake ya bei ya chini, mara nyingi ndizo zilizojazwa humo. Sauti ni yake kweli, hakuna aliyeghushi. Ila ni sawa na kumpa fundi mahiri gunia akushonee gauni: mshono utausifu, gauni hutalivaa.

Basi nikajikusanya nikanunua Greatest Hits. Kampuni ya rekodi ya Decca iliitoa 1967, miaka minne baada ya kifo chake, na Marekani peke yake imeshavuka nakala milioni 10. Nyimbo ni 12 tu. Nusu saa hivi imekwisha, hata kola hujamaliza kugeuza. Hilo ndilo lalamiko langu la kwanza, na linasahaulika ukibonyeza kuanza upya.

Kinachonishangaza ni kwamba mtayarishaji ni yuleyule. Owen Bradley alikuwa akimrekodi huko Nashville tangu 1955, enzi za mkataba mbovu. Hakubadilika mwimbaji wala mtayarishaji. Kilichobadilika ni kwamba 1960 mkataba uliisha, Patsy akaingia Decca moja kwa moja, na sasa wakaweza kuchagua wimbo popote ulipo. Novemba mwaka huohuo wakarekodi "I Fall to Pieces", wa Hank Cochran na Harlan Howard. Yeye mwenyewe aliutilia shaka. Pia hakuwataka sana The Jordanaires, wale waliokuwa wakimwitikia Elvis, akihofia sauti nne za wanaume zitammeza. Usikilize sasa: wale wanaume wako nyuma kabisa, kama bitana ndani ya koti. Huwaoni, lakini koti limekaa.

Wimbo huo ulikuwa bado unapanda chati pale Juni 14, 1961, Patsy alipopata ajali ya gari Nashville. Magari yaligongana uso kwa uso, akarushwa kwenye kioo cha mbele. Paji la uso likapasuka, mkono ukavunjika kifundoni, nyonga ikateguka. Alilazwa karibu mwezi, na makovu aliyaficha kwa mawigi na vipodozi mpaka mwisho wa maisha yake.

Agosti akaingia studio akitembelea magongo kurekodi "Crazy", wimbo wa kijana aliyekuwa bado hajulikani, Willie Nelson. Mbavu zilikuwa zikimuuma, akashindwa kuzifikia noti za juu. Saa zikapita. Bradley akaamua wapigaji wamalize sehemu yao, sauti itawekwa baadaye. Wiki chache mbele Patsy akarudi, akaimba mara moja, ikatosha. Hiyo mara moja ndiyo unayoisikia.

Ukiuweka, usimfuate yeye kwanza. Fuata piano ya Floyd Cramer, ile inayodondosha noti chache halafu inanyamaza kumpisha. Kisha sikiliza Patsy anavyochelewa. Mdundo umeshapita, yeye ndiyo kwanza anatia mguu, halafu anaukuta mbele bila kukimbia. Mimi kazi yangu ni mistari iliyonyooka, kitambaa kikienda upande nafumua. Lakini huu uchelewaji nimeusikiliza mara sijui ngapi na sijaona mahali pa kufumua.

Na kuna pumzi. Wimbo wa "Faded Love" aliurekodi Februari 1963, mwezi mmoja kabla ya kufa. Pale mwishoni kabisa, kabla ya neno la mwisho, anavuta hewa, na unaisikia, ndefu, wazi, kama mtu aliyekaa kiti cha pili. Wangeweza kuikata. Namshukuru aliyeiacha. Mara ya kwanza nilisimamisha cherehani nikidhani mtu ameingia.

"Sweet Dreams" ni wa siku hizohizo za Februari, una vayolini nyingi kuliko ninavyopenda. Najua hapo nitagombana na watu. "Strange" na "So Wrong" ni nzuri, sina la kuongeza.

Machi 3, 1963 aliimba Kansas City katika onyesho la kuchangia familia ya mtangazaji wa redio aliyefariki. Machi 5 ndege ndogo iliyokuwa ikimrudisha ikaanguka karibu na Camden, Tennessee. Rubani alikuwa meneja wake, Randy Hughes, na abiria wengine waimbaji wenzake Cowboy Copas na Hawkshaw Hawkins. Hakupona mtu. Patsy alikuwa na miaka 30 na watoto wawili wadogo. Sidii inafungwa na "Leavin' on Your Mind", wimbo uliotoka Januari ya mwaka huo, na ninadhani waliopanga walijua wanafanya nini kuuweka pale. Kwingineko wamechanganya tu, za 1963 zimewekwa kabla ya za 1961, na anayetaka kusikia jinsi alivyokua itambidi apange mwenyewe.

Lalamiko langu kubwa ni wimbo wa kwanza. Wanafungua na "Walkin' After Midnight", lakini si ule wa 1957. Ni marudio ya 1961, na Jordanaires humo. Umepigwa pasi, hauna kasoro, na ndiyo shida yake.

Maana mimi huo wimbo naufikiria kwa nguo. Januari 21, 1957 Patsy alikwenda New York kwenye kipindi cha televisheni cha Arthur Godfrey cha kusaka vipaji. Mama yake, Hilda, alikuwa mshonaji, na ndiye aliyemshonea mavazi ya jukwaani, yale ya mtindo wa wachunga ng'ombe yenye matamvua. Mshiriki hakuruhusiwa kuletwa na jamaa yake, kwa hiyo Hilda akamtambulisha mwanawe kama mtu baki. Fikiria mama amekaa pale anamwelezea binti aliyemzaa kana kwamba wamekutana tu njiani! Wenye kipindi wakalikataa vazi, wakataka gauni la jioni. Wakakataa pia wimbo alioutaka, wakamwambia aimbe huu. Akaimba, akashinda. Wimbo ukafika nafasi ya 2 kwenye chati ya kantri na ya 12 kwenye chati ya pop, lakini mimi bado nalifikiria lile vazi lililobaki kwenye sanduku, na vidole vilivyolishona.

Rekodi yenyewe ya 1957 ina gitaa la kulaza la Don Helms, aliyewahi kumpigia mwimbaji wa kantri Hank Williams, linalia juu kama paka aliyefungiwa nje. Ina haraka kidogo na ina ukorofi. Humo Patsy bado amevaa matamvua.

Na iko wapi? Kwenye ile sidii ya mbuzi kwenye gunia, wimbo wa tatu. Kwa hiyo anayeanza na Patsy Cline anunue Greatest Hits bila kuhangaika, nyota nne na nusu kati ya tano. Mimi ile ya bei ya kutupa sijaitupa. Naiweka, naruka mpaka wimbo wa tatu, ukiisha naitoa, naweka hii, naanzia wimbo wa pili.