Uzoefu wangu na wakili wa wafanyakazi California: nyota nne, na daftari la saa za Kiswahili

Swali la kwanza aliloniuliza wakili halikuhusu mshahara. Aliniuliza, "Gari la pale nyumbani nani alikuwa analiosha?" Nikamwambia ni mimi, kila Ijumaa. Akaandika. "Na mbwa anatembezwa na nani?" Mimi. "Chakula cha jioni unampikia bibi peke yake, au na wengine?" Hapo nikaanza kuona huyu bwana ananizungusha, maana nilikuwa nimepanda treni mpaka Oakland kulalamikia ovataimu, si kueleza habari za mbwa.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba nusu ya kesi yangu ilikuwa ndani ya maswali hayo. Jina la ofisi yake silitaji, wala la wakala aliyeniajiri. Maelewano tuliyosaini yananifunga mdomo, hata kiasi nilicholipwa siruhusiwi kukisema. Yaliyobaki nayasema.

Kazi yenyewe ilikuwa kulea mzee. Nyumbani bado wanasema tumekuja Marekani kubeba maboksi, lakini wengi wetu, hasa akina mama, tunabeba wazee. Nilikuwa na bibi wa miaka 88, nyumbani kwake, kwenye mji mmoja wa East Bay, ng'ambo ya ghuba ya San Francisco, kupitia wakala wa walezi. Januari hadi Novemba 2024, siku tano kwa wiki, saa 12 kwa siku, dola 180 kwa siku. Karatasi ya mshahara hakuna. Hela inaingia kwenye simu kila Ijumaa, na mwisho wa mwaka unaletewa fomu 1099, ile ya kodi ya malipo yasiyokatwa kitu, kana kwamba una kampuni yako.

Gawanya 180 kwa 12. Ni dola 15 kwa saa, na mwaka ule kima cha chini cha jimbo kilikuwa dola 16. Yaani kabla hujafika kwenye ovataimu nilikuwa nimeshapunjwa. Mimi niliyekulia dukani kwa baba Tanga, nikihesabu chenji tangu darasa la pili, sikuwahi kuigawanya hiyo 180 mpaka mwezi wa tisa.

Nilipouliza kwa meseji nikajibiwa kwamba mimi si mwajiriwa, ni kontrakta huru, yaani mtu aliyejiajiri mwenyewe. Wiki tatu baadaye ratiba yangu ikawa tupu. Hakuna aliyenifukuza, simu tu zilikoma.

Kabla ya kwenda kwa wakili nilifikiria Ofisi ya Kamishna wa Kazi ya jimbo, na yeyote mwenye dai dogo lililonyooka namshauri aanzie huko. Kufungua madai ni bure, wakili si lazima, mkalimani unapewa bila malipo, na habari za makaratasi hawaulizi. Hili la makaratasi naomba mlisome mara mbili: sheria za kazi za California zinamlinda mfanyakazi awe na kibali au hana, na mwajiri anayekutishia kukuitia uhamiaji kwa sababu umedai haki yako anavunja sheria nyingine juu ya ile ya kwanza. Kilichonirudisha nyuma ni foleni. Mkaguzi wa jimbo alitoa ripoti mwaka 2024 kwamba madai yaliyorundikana yamefika 47,000 na mengi yanachukua zaidi ya miaka miwili. Nami nilikuwa na kodi ya nyumba ya mwezi ule ule.

Nikapiga simu kwa mawakili watatu. Wa kwanza alisema kesi ni ndogo. Wa pili alitaka dola 2,500 mkononi kabla ya kufungua faili. Wa tatu ndiye huyu wa mbwa na gari: hakutaka hata senti, analipwa asilimia ya kitakachopatikana, tukikosa simdai na yeye hanidai. Usiku ule nikaingia kwenye tovuti ya State Bar ya California, chombo kinachosajili mawakili, nikaandika jina lake, likaja na namba ya leseni, mwaka aliosajiliwa, na kama amewahi kuadhibiwa. Dakika mbili, bure. Wapo watu wetu waliotoa hela kwa "mshauri wa sheria" aliyekutwa kwenye harusi, na hawakuwahi kufanya hivyo.

Sasa nirudi kwenye mbwa. Mimi nilijua kwamba California ovataimu inaanza baada ya saa nane kwa siku, si baada ya saa 40 za wiki peke yake kama majimbo mengi. Kumbe kwa mlezi wa nyumbani si hivyo. Anayemlisha, kumvisha na kumwangalia mzee nyumbani kwake ana sheria yake: mara moja na nusu inaanza baada ya saa tisa kwa siku au 45 kwa wiki, na ile haki ya nusu saa ya kula na dakika kumi za kupumzika haimhusu. Moyo ulizama. Ndipo akanionyesha mlango wa pili. Ukiwa unafanya kazi nyingine zisizo za ulezi, na zikazidi asilimia 20 ya saa zako za wiki, wewe si mlezi tena machoni pa sheria. Ni mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida, ovataimu yako inaanza baada ya saa nane, na mapumziko ni haki yako.

Wiki yangu ilikuwa na saa 60. Asilimia 20 yake ni saa 12. Kumpikia bibi uji wake ni ulezi. Kumpikia mtoto wake wa kiume na wajukuu watatu waliokuwa wakishukia pale kila jioni si ulezi. Nguo za bibi ni ulezi, taulo za wajukuu za kuogelea si ulezi. Gari si ulezi. Gereji niliyoipanga mwezi mzima wa nne, nikapata na kikohozi, si ulezi.

Tukapiga hesabu pamoja, yeye na kikokotoo, mimi na kidole. Kwa mlezi, kwa kima cha chini tu, siku ya saa 12 ni saa tisa kwa 16 na saa tatu kwa 24: dola 216. Kwa mfanyakazi wa kawaida ni saa nane kwa 16 na saa nne kwa 24: dola 224. Nikaona dola nane, nikasema moyoni kelele zote hizi za dola nane. Akaongeza: kwa kila siku uliyonyimwa chakula chako, saa moja ya mshahara. Kwa kila siku uliyonyimwa mapumziko, saa nyingine. Hizo ni 32. Jumla 256, na mimi nilipewa 180. Pengo la dola 76 kwa siku, kwa siku 220. Kabla ya riba ya asilimia 10 kwa mwaka, kabla ya adhabu ya kutonipa karatasi za mshahara inayoweza kufika dola 4,000, na kabla ya adhabu ya kunicheleweshea malipo ya mwisho, ambayo ni mshahara wa siku kwa kila siku ya kuchelewa, mpaka siku 30.

Habari za ukontrakta hazikumsumbua. Alisema tangu 2020 sheria inamtaka mwajiri ndiye athibitishe kwamba wewe ni kontrakta, kwa mambo matatu kwa pamoja, na mojawapo ni kwamba kazi yako iko nje ya biashara yake ya kawaida. Wakala wa walezi amwambie hakimu kwamba kulea si biashara yake? Akacheka, nami nikacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Ile ratiba kuwa tupu wiki tatu baada ya kulalamika nayo ilikuwa na uzito wake: tangu Januari 2024, mwajiri akikuadhibu ndani ya siku 90 tangu udai mshahara wako, inachukuliwa kwamba amelipiza kisasi mpaka yeye aonyeshe vinginevyo.

Ushahidi ulikuwa daftari. Nilikuwa na daftari la shule, lile la mistari, naandika kila siku nimeingia saa ngapi, nimetoka saa ngapi na nimefanya nini, kwa sababu mama alinizoesha hivyo dukani. Ofisi ikalitafsirisha, ikalituma upande wa pili. Baada ya wiki mbili ikaja barua ya wakili wao: daftari haliaminiki, mlalamikaji mwenyewe ameandika ameingia saa 1 na ametoka saa 1, na bibi ameogeshwa saa 2 usiku wa manane.

Niliposomewa nilishika kichwa. Nilikuwa nimeandika kwa saa zetu! Saa 1 asubuhi mpaka saa 1 jioni. Mtafsiri waliyemtumia alihamisha maneno, akaziacha saa kama zilivyo. Wakili akaniuliza mara tatu: yaani saba kwenu ni moja? Nikamwambia jua likichomoza ndiyo siku inaanza, ulitaka tuanze kuhesabu usingizini? Hakuridhika mpaka alipotafuta mkalimani mwingine, dada mmoja wa Mombasa, ambaye aliangalia ukurasa mmoja tu akaniambia kwenye simu, "Dada, pole, hii saa ya kwetu hii, hata mtoto angejua." Akaandika maelezo ya kiapo ya ukurasa mmoja na nusu. Wakala kwa upande wake hakuwa na rekodi yoyote ya saa zangu, na kutunza rekodi ni wajibu wa mwajiri. Asipotunza, makadirio ya mfanyakazi yaliyo na msingi yanapokelewa. Daftari la shilingi mia tano likasimama.

Kesi haikufika mahakamani. Ilimalizwa kwa msuluhishi, siku moja kwa video, sisi chumba chetu na wao chao, yeye akipeleka namba huku na kule tangu saa tatu asubuhi (zetu) mpaka giza linaingia. Kutoka siku nilipopanda treni mpaka kusaini ilichukua miezi kumi na moja.

Nyota ya tano naizuia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni simu. Wakili mwenyewe nilizungumza naye mara nne. Mara nyingine zote ni msaidizi wake, binti mzuri, lakini kuna kipindi cha wiki saba sikusikia lolote nikadhani wameniacha. Ukiingia kwa mawakili wa asilimia, omba tangu mwanzo uandikiwe watakupa taarifa kila baada ya muda gani.

Ya pili ni kosa langu kama lilivyo lao. Mkataba ulisema theluthi moja tukielewana kabla ya kufungua kesi, asilimia 40 baada ya hapo. Hilo nililisoma. Nisilolisoma ni kwamba asilimia inakatwa kabla ya gharama kutolewa, halafu gharama zinatoka kwenye fungu langu. Chukua mfano wa dola 30,000 na gharama 1,500. Wakikata theluthi kwanza wanachukua 10,000, kisha gharama, unabaki na 18,500. Gharama zikitoka kwanza unabaki na 19,000. Dola 500 ni nauli ya watu wawili kutoka Dar mpaka Tanga mara nyingi sana. Na kwenye mkataba huo huo, kwa sharti la sheria ya California, pameandikwa kwamba asilimia haipangwi na sheria, inajadiliwa. Niliuona mstari huo baada ya kusaini.

Malipo yalikuja kwa hundi mbili. Ya mshahara ilikuwa imeshakatwa kodi. Ya riba na adhabu haikukatwa chochote, na ina 1099 yake, safari hii ya halali. Hiyo nimeiweka pembeni, sijaigusa, nasubiri Aprili, mwezi wa hesabu za kodi.