Yamanote E235: treni nzuri, abiria wake ndio mtihani

Bado nina hasira, mtanivumilia. Nazungumzia E235, ile treni ya kijani inayozunguka Tokyo kwenye reli ya Yamanote. Kila behewa lina nafasi isiyo na viti, yenye alama kubwa ya kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto. Asiyeiona, basi hataki tu kuiona.

Juzi kati asubuhi nilipandia Ikebukuro, mwanangu kwenye kigari. Pale penye alama kasimama baba mmoja wa makamo, suti safi, sanduku lake kaliegemeza ukutani. Nikamwomba nafasi kwa Kijapani, kwa adabu zote. Akanitazama kuanzia viatu hadi kilemba, akasonya, akarudi kwenye simu yake. Kituo cha Takadanobaba watu wakafurika, kigari kikasukumwa hadi mlangoni, mtoto akaanza kulia. Ndipo yule baba alipofungua mdomo: eti saa za msongamano kigari kinakunjwa. Mkono mmoja mtoto, mwingine mfuko wa nepi, kigari nikikamate kwa meno? Na hakuna aliyesema neno, behewa zima!

Halafu alichosema si kweli. Tangu 2014 wizara ya Japani inayosimamia uchukuzi ilishatoa mwongozo kwamba kigari cha mtoto hakilazimiki kukunjwa ndani ya treni.

Nilishuka Shibuya naichukia hata treni yenyewe. Skrini juu ya milango, skrini juu ya rafu za mizigo, matangazo hayakatiki, watu wazima wamekodolea macho huko juu na mtoto analia chini. Muundo wake ulisimamiwa na Ken Okuyama, yule aliyechora gari la Ferrari Enzo, na kwenye kibao cha mbele yanaonyeshwa hadi maua ya msimu. Nikasema, urembo wote huu unanisaidia nini mimi?

Lakini nisiionee. Ile iliyoitangulia, E231, haikuwa na nafasi hii kila behewa. Ulilazimika kulitafuta behewa lenyewe huku umebeba roho mkononi. Waliobuni E235 walitufikiria kweli. Tena yenyewe ilianza vibaya: siku ya kwanza kabisa, 30 Novemba 2015, mfumo wake wa kompyuta ulileta hitilafu, ikaondolewa relini, ikarudi Machi 2016 imeshatengenezwa. Mashine inatengenezeka. Yule baba je?

Nilikaa kuandika nikiwa nimepanga kuipa nyota moja. Naipa nne, na hasira yangu yote iende kwa mwenye sanduku. Wiki hii mtoto ana chanjo, shoga yangu ananishauri nisubiri hadi saa nne watu wapungue. Nilikuwa nimekubali. Sasa nimeghairi: napanda saa mbili ileile, nasimama pale penye alama, na kigari sikunji.