Ukumbi wa Ngamiani unaoonyesha mpira wa mikono wa wanawake: wapelekeni mabinti

Ukumbi wenyewe hauna kibao. Ukifika Ngamiani ulizia kwa mama wa bajia anayeonyesha mechi, watoto watakufikisha mpaka mlangoni. Siku nyingine zote ni banda la mpira kama mabanda mengine ya Tanga: Ligi Kuu, mechi za Ulaya, na Simba na Yanga zikikutana wanaume hujaa mpaka barazani kwa jirani. Lakini Jumamosi asubuhi, kuanzia saa tatu hadi saa sita, skrini ni ya mpira wa mikono wa wanawake, na hiyo ndiyo huduma ninayoizungumzia hapa. Mwanafunzi analipa shilingi 500, mtu mzima 1,000. Mwalimu aliyekuja na timu halipi.

Mimi nafundisha michezo sekondari hapa mjini, na mpira wa mikono wa wasichana uko chini yangu. Waliowahi kupeleka timu UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, wanaijua shida yetu. Msichana anajifunza mchezo ambao hajawahi kuona ukichezwa na watu wazima. Soka ameikuta nyumbani, netiboli amewaona dada zake wakicheza. Mpira wa mikono anauona kwangu tu, kwenye uwanja wa simenti tunaopokezana na wenzetu wa netiboli, magoli hayana nyavu. Nikimwambia pivoti, yule mshambuliaji anayecheza katikati ya mabeki wa wapinzani, asimame kwenye mstari wa mita sita mbele ya goli, amwekee beki mgongo, apokee mpira na kugeuka hapo hapo, anaitikia "ndiyo, madam" na anabaki amesimama. Ameyasikia maneno, picha hana. Ukumbi huu unampa hiyo picha, na mimi naona thamani yake inazidi hiyo mia tano.

Ukiingia tazama ukuta wa kushoto. Kijana wa yule mama, ambaye ndiye anayeshika mitambo, alimwita fundi wa kuandika mabango akamchorea jedwali la mashindano ya dunia ya wanawake: mwaka, mwenyeji, bingwa. Linaanzia 1957, Yugoslavia, bingwa Chekoslovakia, na linashuka mpaka 2025, Ujerumani na Uholanzi, bingwa Norwe. Rangi ya buluu juu ya chokaa, herufi zimenyooka, hata aliye viti vya nyuma anasoma. Mstari wa 1968 una mwaka peke yake. Wasichana wangu waliuliza kwa nini, na kijana akawajibu vizuri: mwaka ule mwenyeji alikuwa awe Umoja wa Kisovieti, lakini Agosti majeshi ya Kisovieti na washirika wake yakaivamia Chekoslovakia, mashindano yakafutwa. Kutoka yale ya 1965, ambayo Hungaria ilishinda, dunia ikasubiri mpaka 1971. Binti mmoja wa kidato cha tatu akapiga hesabu kwa sauti: aliyekuwa na miaka 24 mwaka 1965 amefika 30. Wenzake wakanyamaza wakiutazama ule mstari. Nimefundisha darasani kwa miaka mingi, na ni nadra kuona tarehe ikiwaingia watoto namna ile.

Ukuta huo una mengi kwa anayejua kuusoma. Kuanzia 1957 hadi 1990 mabingwa wote ni wa Ulaya Mashariki: Chekoslovakia, Romania, Hungaria, Yugoslavia, Ujerumani Mashariki mara tatu, kisha Umoja wa Kisovieti mara tatu mfululizo. Serikali za huko ziliwekeza katika michezo ya wanawake wakati nchi nyingi zilikuwa bado zinabishana kama inafaa wacheze. Baada ya hapo majina yanabadilika. Mwaka 1993 ni Ujerumani iliyoungana, 1995 ni Korea Kusini, timu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya kuchukua kombe, 1997 Denmark, 1999 Norwe.

Kabla ya kuwasha projekta kijana huzungumza kidogo, hachoshi. Siku tuliyokwenda alieleza kwamba mashindano ya kwanza kabisa ya dunia kwa wanawake yalichezwa nje, kwenye nyasi, wachezaji kumi na mmoja kila upande. Ilikuwa 1949, Hungaria, na wenyeji walishinda. Yakarudiwa 1956 na 1960, mara zote mbili Romania wakatwaa, kisha mchezo wa nje wa wanawake ukaisha na ule wa ndani, wa watu saba, ukabaki peke yake. Wasichana wangu huchezea juani, goti likigusa simenti ngozi inabaki pale, na walifurahi sana kusikia hayo. Mmoja alisema, "Kumbe nao walianzia nje."

Sasa mechi zenyewe. Kila Jumamosi huonyeshwa fainali moja nzima na vipande vya nyingine, na hapa ndipo ninapomsifu kijana zaidi, maana anachagua kwa akili. Fainali ya 2003, Zagreb, Ufaransa na Hungaria, kila mwalimu wa mchezo huu aioneshe timu yake. Kipindi cha pili Hungaria walikuwa mbele kwa mabao saba. Ufaransa wakarudi moja moja, mpaka muda ukaisha wakiwa nyuma kwa bao moja na penalti ya mita saba mkononi. Leïla Lejeune akasogea peke yake, saa imeshasimama, akafunga: 28 kwa 28. Muda wa nyongeza Ufaransa wakamaliza 32 kwa 29. Kijana alisimamisha picha Lejeune akiwa na mpira juu ya bega, akawauliza mabinti golikipa anatazama nini. Wakabishana dakika nzima, mkono, mabega au macho. Somo kama lile sijawahi kulipata kwa filimbi na ubao.

Ile ya 2019, Kumamoto, Japani, nayo iliamuliwa kwa penalti. Uholanzi na Hispania 29 kwa 29, sekunde sita zimebaki, Lois Abbingh anasimama mita saba na kuipa Uholanzi kombe lake la kwanza. Yule mama mwenyewe aliacha karai lake la bajia akaja kusimama mlangoni na mwiko mkononi.

Nikichagua moja ya kuirudia, nachagua 2013, Belgrade, Brazili dhidi ya Serbia. Mashabiki zaidi ya 19,000 ukumbini, karibu wote wa wenyeji, na Brazili wanashinda 22 kwa 20 bila kupoteza mechi hata moja tangu mashindano yaanze. Mtazameni Eduarda Amorim, aliyetajwa mchezaji bora wa mashindano yale: anavyoukaba mkono wa mrushaji kabla haujanyanyuka, halafu huyo yuko upande wa pili anafunga. Ni yeye na wenzake walioifanya Brazili kuwa timu ya pili tu kutoka nje ya Ulaya kuwa bingwa wa dunia, baada ya Korea Kusini, na mpaka leo hakuna ya tatu. Kocha wao alikuwa Morten Soubak, Mdenmark, ambaye baadaye alikwenda kuifundisha Angola.

Angola ndiyo sababu ya lawama yangu kubwa kwa ukumbi huu. Asubuhi nzima tulitazama Ulaya na Brazili, Afrika haikuonekana ila kwa sekunde chache. Nilimwambia kijana, na hapa narudia kwa uzito ule ule: mashindano ya Afrika ya wanawake yapo tangu 1974, Tunisia walipokuwa mabingwa wa kwanza, na mwaka uliofuata Watunisia hao hao wakacheza mashindano ya dunia. Kongo ya Brazzaville ilitwaa mara nne mfululizo, 1979, 1981, 1983 na 1985. Kisha wakaja Angola, wakashinda kila shindano la Afrika kuanzia 1998 hadi 2012. Tunisia wakawakatiza 2014, na kuanzia 2016 Angola wakaendelea kama hakuna kilichotokea, hata 2024 Kinshasa, hapo kwa jirani zetu wa Kongo. Kwenye mashindano ya dunia walimaliza nafasi ya 7 mwaka 2007 kule Ufaransa, na hakuna timu ya Afrika iliyofika juu ya hapo. Kwenye Olimpiki ya Rio 2016 waliwafunga Romania 23 kwa 19, kisha Montenegro 27 kwa 25, wakaingia robo fainali. Teresa Almeida golini siku zile, mwili mkubwa na miguu myepesi, ndiye golikipa ninayetaka mabinti wangu wamwone, hasa wale wanaodhani umbo lao haliruhusu kucheza. Msichana wa Tanga akiona wanawake wa Afrika wanaitoa jasho Romania, bingwa wa dunia wa 1962, anarudi uwanjani na swali jingine kabisa kuhusu yeye mwenyewe.

Kijana alisikiliza, akaandika kwenye daftari, akasema atatafuta mechi za Rio na fainali ya Kinshasa. Alisema pia ukuta wa kulia uko wazi na fundi wa mabango yupo. Nasubiri kuona jedwali la Afrika pale.

Mengine ni madogo lakini yasemwe. Nguzo ya katikati inaziba skrini kwa wanaokaa upande wa dirishani, kwa hiyo wahini viti vya mbele kulia. Feni ni moja na inapiga kelele. Ikifika saa tano bati limeshapata moto, chukueni maji. Watangazaji wa mechi hizi wanaongea Kiingereza na wakati mwingine lugha ambazo hakuna ajuaye mle ndani. Kijana hupunguza sauti na kueleza mwenyewe, vizuri, ila anaongea haraka mabao yakifuatana, na wanaoanza kujifunza wanapotea. Apunguze kasi. Umeme ulikatika mara moja tukiwa katikati ya kipindi cha pili, jenereta ikawashwa upesi na picha ikarudishwa nyuma mpaka pale tulipoishia. Hilo nimelipenda.

Choo ni kisafi, kina mlango unaofungika kwa ndani. Kwa anayetembea na wasichana ishirini hilo ni jambo la kwanza kuulizia, na nashangaa kumbi kubwa zinavyolipuuza.

Na bajia. Za kunde, zinatoka moto, na chatine ya nazi na pilipili mbichi. Chai ya tangawizi ipo, juisi ya ukwaju ipo. Tulipofika tu yule mama aliniuliza, "Mwalimu, hawa wameshakunywa chai?" Nikamjibu, "Bado, mama." Akawawekea sahani mbili kabla sijatoa pesa, na tulipolipa alihesabu bei ya wanafunzi. Mabinti walimwamkia mmoja mmoja, shikamoo bibi, naye akaitikia kila mmoja kwa zamu na kumuuliza anacheza nafasi gani.

Nafasi zinajaa. Walimu wa hapa mjini, na wale wa Muheza na Pangani wanaoweza kupata gari, pelekeni taarifa siku mbili tatu kabla ili mtengewe mikeka ya mbele kwa wadogo. Mwombeni kijana aanze na 2003 kama timu yenu ni changa, 2013 kama mna mabeki wanaojiweza. Na mwulizeni Angola. Tukiuliza wengi ataileta mapema.