Maltimita ya bei nafuu na gari lisilowaka baada ya kubadilishwa betri

Gari linapogoma kuwaka muda mfupi baada ya kufungwa betri mpya, lawama hupata pa kwenda hata kabla boneti haijafunguliwa: muuzaji wa betri anamlaumu fundi, fundi anailaumu stata (mota inayozungusha injini ili iwake), na mwenye gari anawalaumu wote wawili. Kifaa kinachoweza kuukata ubishi huo ni maltimita ya kidijitali, ile mita ndogo ya mkononi yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, ambayo mafundi wa umeme wa magari wengi huiita testa. Tathmini hii inahusu mita za daraja la chini, ambazo mtu asiye fundi anaweza kuzimudu na kuziweka ndani ya gari, na inajibu swali moja: je, zinatosha kuonyesha kwa nini gari lenye betri mpya haliwaki? Kwa maoni yangu zinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hiyo, mradi mtumiaji apime wakati ufunguo unazungushwa, si wakati gari limetulia tu.

Mita hizi ziko za namna mbili. Ya kwanza, iliyo rahisi zaidi, humtaka mtumiaji achague kipimo mwenyewe kwa kuzungusha swichi ya katikati. Kwa gari unachagua alama ya V yenye mstari mnyoofu, kisha namba 20, kwa sababu ukiiacha kwenye 200 unapoteza tarakimu moja baada ya nukta, na tofauti ndogo za volti hazionekani vizuri. Ya pili hujichagulia kipimo, na baadhi yake zina kitufe cha kuhifadhi kiwango cha chini na cha juu kabisa kilichopita. Kitufe hicho mimi nakithamini kuliko vipimo vingine vyote vilivyojazwa kwenye kifaa, kwa kuwa kinamwezesha mtu aliye peke yake kukaa kwenye usukani, kupiga stata, kisha kurudi mbele kusoma volti zilishuka hadi wapi.

Kazi ya kwanza ni kuipima betri yenyewe gari likiwa limezimwa. Betri ya kawaida ya volti 12 iliyojaa husoma kati ya 12.6 na 12.8, ikisoma 12.4 imebakiwa na takribani robo tatu ya chaji, 12.2 ni kama nusu, na 12.0 ni kama robo. Kuwa mpya si sawa na kuwa na chaji, kwa sababu betri iliyokaa dukani kwa miezi hupungua yenyewe taratibu, na kuna zinazouzwa bila kuchajiwa upya kwanza. Katika hatua hii hata mita duni kabisa hufanya kazi vizuri, kwani tofauti inayotafutwa ni kubwa vya kutosha. Iwapo betri imetoka kuchajiwa muda huohuo, taa kubwa ziwashwe kwa dakika moja hivi na kuzimwa kabla ya kupima, la sivyo namba itakuwa juu kuliko hali halisi.

Hapa ndipo wengi huishia, nao hupotea. Wanaona 12.7 kwenye kioo cha mita, wanahitimisha kwamba umeme upo wa kutosha, kisha wanaanza kufungua stata isiyo na kosa lolote. Mita hutumia mkondo mdogo mno wakati wa kupima volti, kiasi kwamba uzi mmoja wa shaba uliobaki ndani ya waya uliokatika, au kibano (chuma cha mwisho wa waya kinachoshika kichwa cha betri) kinachogusa kichwa hicho kwa ukingo mmoja tu, vinatosha kabisa kuufikisha mkondo huo. Stata, kwa upande wake, inaweza kuvuta ampea 150 au zaidi. Ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu kwenye njia ya ampea 150 unakula volti 1.5 nzima, ilhali ukinzani huohuo hauonekani kabisa wakati hakuna kinachovuta umeme. Kwa sababu hiyohiyo, kipimo cha mlio, ambapo mita hulia umeme ukipata njia ya kupita, na ambacho wauzaji hukisifia sana, hakina thamani kwenye nyaya nene za betri: mita italia kwa furaha juu ya waya usioweza kuzungusha injini, kwani nyaya za mita zenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko ule unaotafutwa.

Kipimo kinachofaa ni cha volti zinazopotea njiani. Gia iwe kwenye P au huru, breki ya mkono iwe imevutwa, na nyaya za mita ziwekwe mbali na mikanda na feni. Ncha moja ya mita inakandamizwa kwenye madini ya risasi ya kichwa cha betri chenyewe, hadi iache kidoti kidogo kinachong'aa, na ncha ya pili inawekwa kwenye chuma cha kibano kilichokishika kichwa hichohicho, milimita chache tu kutoka ile ya kwanza. Kabla ya stata kupigwa kioo kinaonyesha 0.00. Msaidizi anapozungusha ufunguo, namba inapaswa kubaki karibu na sifuri. Ikiruka hadi volti mbili, tatu au zaidi, tatizo limepatikana, nalo limo kwenye ile nafasi ndogo kati ya ncha mbili. Sijaona kipimo kingine kinachoonyesha kosa kwa uwazi wa namna hii, na hakihitaji mita ya gharama.

Baada ya kubadilisha betri, kosa la mahali hapo ndilo la kwanza kushukiwa, na lina sababu zake. Vichwa vya betri haviko sawa kwa unene: cha chanya ni kinene kuliko cha hasi, na zaidi ya hapo kuna betri zenye vichwa vyembamba, za magari madogo yaliyoundwa kwa viwango vya Japani, zenye upana wa takribani milimita 14.7 upande wa chanya, na nyingine za vichwa vinene vyenye takribani milimita 19.5. Kibano kilichotengenezewa kichwa kinene kikiwekwa kwenye chembamba kinaweza kukazwa hadi midomo yake ikakutana, spana ikakataa kuzunguka, na mtu akaamini amekaza barabara ilhali kibano bado kinacheza juu ya kichwa. Jaribio la mkono ni kukisokota: kikizunguka hata kidogo, hakijashika. Wakati mwingine kifuniko cha plastiki cha kiwandani kimeachwa juu ya kichwa, au unga mweupe wa betri ya zamani umebaki ndani ya kibano na kujitandaza kati ya chuma na risasi mpya.

Kipimo hichohicho hurudiwa kwa waya wa hasi, kutoka kichwa cha betri hadi chuma kitupu cha injini. Stata inapopigwa, hasara upande huo isizidi sana volti 0.2, na upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi kwenye boliti nene ya stata, isizidi 0.5. Waya wa hasi husahaulika mara nyingi kwa sababu mwisho wake wa pili umefungwa kwenye bodi au kwenye gia boksi, mahali penye matope na kutu, na kazi ya kubadilisha betri humtikisa mgonjwa aliyekuwa amevumilia kwa muda mrefu.

Viungo vyote vikiwa safi, volti za betri yenyewe wakati wa kupiga stata ndizo zinazoamua. Zikishuka chini ya 9.6 huku stata ikigugumia au ikitoa milio ya harakaharaka, betri haina chaji ya kutosha, ni mbovu, au ni ndogo kuliko injini inavyohitaji. Stata au injini iliyokwama pia huweza kuzivuta volti chini namna hiyo, kwa hiyo betri ichajiwe kwanza kabla ya kurudishwa dukani. Zikibaki 12.5 bila kutikisika na hakuna sauti yoyote, stata haivuti umeme kabisa, na utafutaji unahamia kwenye rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), swichi ya gia au ya kanyagio la klachi, na ule waya mwembamba unaoiamsha stata. Sauti moja nzito ya "tak", betri ikibaki imara na hasara kwenye nyaya nene ikiwa ndogo, hunielekeza kwenye stata yenyewe.

Fyuzi nazo mita huzimaliza haraka. Fyuzi nyingi za bapa zina vidoti viwili vya chuma juu ya plastiki yake, na ufunguo ukiwa umewashwa unagusa kimoja baada ya kingine huku ncha nyeusi ikiwa kwenye bodi. Umeme ukiwapo upande mmoja na kukosekana upande wa pili, fyuzi imekatika. Ya kuangaliwa kabla ya zote ni fyuzi kubwa iliyo karibu na kichwa cha chanya, ambayo katika magari mengi ni ya ampea 80 au zaidi, kwani ndiyo inayoungua betri ikifungwa kinyume. Kufunga kinyume si jambo la wazembe peke yao: betri za ukubwa uleule hutengenezwa zikiwa na vichwa vilivyobadilishana pande, tofauti ikiwa ni herufi L au R mwishoni mwa namba yake, na nyaya zikiwa ndefu kidogo zitafika upande usio wake bila kulalamika. Ikiwa hilo limetokea, diodi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) za alteneta, mashine inayochaji betri injini ikizunguka, pia zikaguliwe, si fyuzi pekee.

Mahali ambapo mita haisaidii pawekwe wazi, ili mtu asiinunue kwa matarajio yasiyo yake. Stata ikizunguka kwa nguvu lakini injini haishiki, betri na nyaya zake si mshukiwa mkuu tena. Taa ya ufunguo au ya kufuli ikimemeta kwenye dashibodi, mfumo wa kuzuia wizi huenda haujautambua ufunguo baada ya umeme kukatwa, na dawa yake imo katika kitabu cha gari au kwenye mashine ya uchunguzi. Kwa magari yanayowashwa kwa kitufe, mita inaweza angalau kupima betri ndogo ya rimoti, ambayo mara nyingi ni ya volti 3, na katika magari mengi rimoti iliyoisha chaji bado husomwa ikisogezwa na kugusishwa kwenye kitufe chenyewe.

Sasa kasoro za kifaa. Nyaya zinazokuja na mita za bei ya chini ni fupi na ngumu, hazifiki kutoka betri iliyo kwenye buti hadi kwenye injini, na ncha zake huwa butu kiasi cha kuteleza juu ya risasi. Jozi ya nyaya nzuri zenye vibanio vya meno hubadilisha kifaa kabisa. Mita ya betri ya volti 9 ikianza kuishiwa inaweza kuonyesha namba kubwa kuliko ukweli, kwa hiyo betri inayosoma 13.5 gari likiwa limezimwa tangu jana isisherehekewe kabla ya kubadilisha ile ya ndani ya mita. Kasoro nzito zaidi ni tundu la ampea 10, ambalo katika mita nyingi duni halina fyuzi yoyote. Ukisahau waya mwekundu ndani ya tundu hilo kisha ukagusa vichwa viwili vya betri, umeviunganisha moja kwa moja, na nyaya huyeyuka mkononi. Mkondo wa stata usijaribiwe kupimwa kwa tundu hilo kwa hali yoyote. Kazi hiyo ni ya mita ya kubana waya kwa nje. Kwa msomaji asiyekusudia kupima ampea kamwe, ningeshauri tundu hilo lizibwe kwa utepe wa karatasi wenye gundi siku ya kununua.

Gari likishawaka, mita ina kazi moja zaidi. Kwenye vichwa vya betri, injini ikiunguruma, inapaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.7, ingawa magari mapya yanayodhibiti chaji kwa kompyuta huweza kushuka chini ya hapo kwa muda. Namba ikibaki 12.3 na kuendelea kupungua, alteneta haichaji, na huenda betri ya zamani haikuwa na kosa. Wapo mafundi wanaopima alteneta kwa kuchomoa kibano cha betri injini ikizunguka, desturi ya enzi za magari yasiyo na kompyuta ambayo leo inaweza kuunguza vifaa vya thamani kubwa kuliko alteneta yenyewe. Mita hufanya kazi hiyo kwa sekunde chache bila kugusa spana. Kati ya namna mbili nilizozitaja, ninapendekeza ya pili, yenye kitufe cha kuhifadhi kiwango cha chini na yenye fyuzi kwenye matundu yote ya ampea. Ya kwanza inunuliwe tu na mwenye msaidizi wa kuzungusha ufunguo.