Vidonge vya majani ya zaituni, miezi mitatu sasa: uzoefu wangu

Asalaam aleikum, mie nakaa Chake Chake, Pemba, presha ninayo tokea nilipojifungua mtoto wa mwisho na dawa ya hospitali nakunywa kila asubuhi, lakini mashine ikawa inaganda hapo hapo 150 kwa 95. Wifi yangu alipokuja kutoka Maskati akaniletea kopo la vidonge vya majani ya zaituni, miligramu 500 kila kimoja, na mfuko wa majani makavu ya kuchemsha.

Nianze na majani. Ni machungu wallahi, nilitia asali vijiko viwili na bado uchungu ukabaki kooni mpaka adhuhuri. Kumbe uchungu wenyewe ndo dawa, unaitwa oliuropeini, upo kwenye majani na kwenye zaituni changa, ndo maana zaituni hazilwi kutoka mtini mpaka ziloekwe kwanza. Ukishaingia mwilini unavunjika unatoa haidroksitirosoli, na hii ndo inayokinga kolestro mbaya isiharibiwe na oksijeni ndani ya damu. Ulaya wataalamu wao wa chakula walilikubali hilo mwaka 2011, lakini kwa mafuta ya zaituni, gramu 20 kwa siku zenye miligramu 5 za haidroksitirosoli na jamaa zake, sio kwa vidonge, hapa wauzaji wanachanganya sana.

Kwenye presha kuna utafiti wa Indonesia, huohuo 2011, wagonjwa wa presha ya kuanzia walipewa miligramu 500 mara mbili kwa siku wiki 8, wenzao wakapewa kaptoprili, dawa ya presha ya hospitali, namba ya juu ikashuka kama 11 na nusu kwa majani na kama 13 na kitu kwa kaptoprili. Si haba! Ila kila kundi lilikunywa chake, mie nikavinywa vyote viwili bila kumwambia daktari, na hapo ndo nilipokosea.

Wiki ya pili nimeinuka kwenye mswala baada ya alfajiri dunia ikazunguka, nikashika ukuta, mwanangu akaleta mashine, 98 kwa 60. Nilipokwenda hospitali daktari akanambia dawa na majani vyote vinavuta presha chini, akanipunguzia, kidonge kimoja cha zaituni usiku tu na dawa yangu palepale. Kuna muuzaji mmoja wa dawa za asili alishanambia niache ya hospitali kabisa, nashukuru Mungu sikumsikiliza, jamani msithubutu.

Sasa napata 134 kwa 84, siku nyingine 130. Siwezi kusema ni zaituni peke yake kwa sababu mwezi uleule niliacha ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, na chumvi ya kumwagia mezani, lakini napumua vizuri na kichwa cha jioni kimeondoka, kwa hiyo kopo la pili nimeshaagiza. Majani ya kuchemsha nimeacha, huwezi kujua kikombe kimoja kina kiasi gani.

Mamangu naye anavitaka, yeye ana sukari anachoma insulini. New Zealand 2013 waliwapa wanaume 46 wanene kidogo kwa wiki 12 na insulini ya miili yao ikafanya kazi vizuri zaidi kwa asilimia 15, sasa kwa mtu anayechoma sindano sukari inaweza ikamshuka ghafla. Kopo nimelificha kabatini mpaka Jumatatu tukamuone daktari pamoja.