Kipimo cha pumzi na dozi mbili za H. pylori: uzoefu wangu

Zahanati ya kwanza sitaitaja. Nilipimwa choo, nikaambiwa nina H. pylori, bakteria anayeishi tumboni na kuleta vidonda, nikakabidhiwa pakiti ya dawa tatu za siku 14: omeprazoli ya kupunguza asidi, na antibiotiki mbili, amoksilini na klarithromaisini. Nilimaliza dozi yote. Sikuruka hata kidonge kimoja, licha ya ule uchungu wa klarithromaisini unaoganda mdomoni kutwa nzima kama umelamba sarafu.

Nilipomaliza nilijiona mzima, na hapo ndipo nilipodanganyika. Omeprazoli peke yake inatosha kukutuliza, bakteria awe amekufa au yupo anakutazama tu. Hakuna aliyeniambia nirudi kupimwa. Miezi miwili baadaye moto ukarudi palepale, chini ya chembe cha moyo, hasa usiku.

Nikarudi. Safari hii wakachukua damu, jibu likawa chanya, na mhudumu akaanza kuandika pakiti ileile.

“Ileile?” nikauliza.

“Sasa hivi uimalize.”

Nilitamani nimwagie maganda matupu mezani kwake. Sikununua. Nilikwenda kwa daktari bingwa wa mfumo wa chakula, na huyo ndiye ninayemsifia hapa.

Kwanza aliliweka kando jibu la damu. Alisema kipimo kile kinaona askari, hakimwoni adui: kingamwili hubaki kwenye damu muda mrefu hata baada ya bakteria kufa. Akataka kipimo cha pumzi. Kumbe nacho kina masharti: wiki mbili bila omeprazoli na angalau wiki nne tangu antibiotiki ya mwisho, la sivyo bakteria hujificha na jibu linatoka hasi la uongo. Mimi nilikuwa nameza omeprazoli ya kujinunulia, kwa hiyo nikarudishwa nyumbani. Zile wiki mbili nililala nimeegemea mito mitatu.

Kipimo chenyewe ni rahisi mno. Asubuhi unakwenda na njaa, unapuliza kwenye mfuko mdogo, unakunywa kikombe cha maji yenye urea, yana uchachu kidogo, unakaa kama nusu saa, unapuliza mfuko wa pili. Basi. H. pylori ana kimeng'enya kiitwacho yurease, ambacho huigawa urea kuwa amonia na kaboni dioksidi. Amonia ndiyo ngao yake dhidi ya asidi ya tumbo. Kaboni ya ile urea imewekwa alama, ni kaboni 13, haina mionzi. Bakteria akiwepo, kaboni hiyo inaingia kwenye damu, inafika kwenye mapafu na kutokea mfukoni. Yaani anakamatwa kwa ngao yake mwenyewe. Hakuna sindano wala mpira kooni. (Barry Marshall, daktari wa Australia, mwaka 1984 aliwanywa bakteria hawa kwa makusudi ili athibitishe kwamba wanaumiza tumbo, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapata Tuzo ya Nobel. Mimi kikombe cha urea kilinitosha.)

Jibu: chanya. Ndipo likaja swali ambalo zahanati hawakuniuliza.

“Dada, umewahi kutumia azithromaisini?”

Nilicheka. Kifua kikibana kidogo, koo likiwasha, nakwenda duka la dawa kuchukua vile vidonge vya siku tatu. Nilikuwa na mazoea hayo kwa miaka. Akaniambia azithromaisini, erithromaisini na klarithromaisini ni ndugu. Zote hushika sehemu moja kwenye ribosomu, kiwanda cha protini cha bakteria. Kila nilipotibu koo, waliokuwa tumboni nao walionja. Wale wachache ambao jeni ya ribosomu yao ilikuwa imebadilika herufi moja tu walibaki hai, wakazaana. Klarithromaisini ilipofika haikupata pa kushika. Nilizoea kusema “mwili wangu umezoea dawa”. Si mwili, ni bakteria. Na si mimi peke yangu: mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilimweka H. pylori sugu kwa klarithromaisini kwenye kundi la kipaumbele cha juu katika orodha ya bakteria wanaohitaji dawa mpya.

Dozi ya pili ilikuwa ya dawa nne, siku 14 tena: omeprazoli, bismuthi, tetrasiklini na metronidazoli. Kabla ya kuandika aliniuliza kama nina ujauzito, kwa sababu ya tetrasiklini. Hapa nisiwafiche, ni kazi. Unameza mara nne kwa siku. Bila kengele ya simu ningepotea. Tetrasiklini haitaki maziwa karibu yake, na inataka maji mengi ukiwa umekaa wima. Pombe marufuku kwa sababu ya metronidazoli. Kichefuchefu kilinishika mpaka siku ya tano. Siku ya tatu asubuhi nilijitazama kwenye kioo nikapiga kelele: ulimi mweusi tii! Choo nacho kilikuwa cheusi. Ni bismuthi tu, huisha yenyewe, lakini ningependa kuambiwa kabla, maana choo cheusi kwa mtu mwenye vidonda vya tumbo kinaweza kuwa damu.

Wiki sita baada ya kidonge cha mwisho nilipuliza tena. Hasi. Karatasi ile nimeipiga picha, na chini yake kwenye simu nimeandika kila antibiotiki ninayokumbuka kuitumia, azithromaisini ikiwa ya kwanza.

Zahanati naipa moja. Kipimo cha pumzi tano kwa tano. Dawa nne nazipa nne; hiyo moja nimeikata kwa ajili ya ulimi.