Hita ya mafuta kwenye karavani: uzoefu wangu wa baridi moja Tennessee

Mimi mtoto wa Tanga. Kabla ya kuja Marekani, baridi kali niliyoijua ni ya Lushoto. Nilipopata mkataba wa uuguzi wa miezi mitatu karibu na Knoxville sikupanga nyumba. Nikaingia kwenye kambi ya karavani na yangu (nyumba ya magurudumu), nikachomeka kwenye nguzo fupi ya kambi yenye soketi ya umeme ya ampea 30.

Hita ya kwanza nilinunua kwa kuliamini boksi: ya feni, eti inapasha mara mbili ya nyingine. Uongo mtupu. Soketi za huku ni volti 120, na hita nyingi za kuchomeka zinaishia wati 1,500. Iwe ya bei ya chee au ya bei ya kutisha, wati 1,500 ni joto lilelile. Unacholipia ni utulivu na usalama. Yangu ilinguruma kama mashine ya kusaga. Siku ya tano nikashika plagi, inaunguza, na soketi imebabuka rangi ya kahawia. Hita hiyo inavuta ampea 12.5 usiku kucha kwenye soketi ya ampea 15, tena soketi ya karavani, hafifu!

Nikabadilisha soketi, nikachukua hita ya mafuta, ile ya umeme yenye mapezi. (Mafuta yamefungiwa humo moja kwa moja, huongezi.) Nalala nayo kwenye wati 700, kimya. Inachelewa kupasha, kama nusu saa, na ni nzito, kwa hiyo safarini ifunge kamba. Ikipinduka inajizima, isiyo na swichi hiyo usiiguse. Waya wa ekstensheni pia sahau.

Hesabu nyingine ni ya nguzo. Ampea 30 ni wati 3,600. Hita ikiwa juu kabisa, na hita ya maji inakula kama 1,400, ukiwasha maikrowevu tu, breka inakata. Mimi nazima hita ya maji kwanza, napasha uji, ndipo naiwasha tena.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuzima kabisa hita ya gesi ya karavani ili nibane matumizi. Usiku mmoja ikashuka nyuzi 9 chini ya sifuri. Nimelala raha mustarehe, asubuhi nafungua bomba, hata tone. Kwenye karavani yangu ile ya gesi hupuliza joto hadi chini ya sakafu, mabomba yanakopita. Ya umeme inakupasha wewe tu. Siku hizi kukiganda naiachia gesi kazi kubwa na ya umeme naishusha, maana gesi ikihisi ndani kuna joto haiwaki.

Hita ya mafuta naipa nyota nne. Ya tano imeondoka na waya wake mfupi: hita inakaa katikati ya njia ya chooni, na kidole changu cha mguu kinaijua vizuri.